Amenenepa au Amevimba? Maana ya Neno Uvimbe na Faida ya Kulitumia Vema

Katika komini ya Muhuta, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, milima hushuka karibu kuyagusa maji, na barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Rumonge hupita katika ukanda mwembamba uliobaki kati ya miamba na ziwa. Wenyeji wa huko hulima mihogo na michikichi, huvua ndagala na mukeke, na husema lugha mbili: Kirundi cha nyumbani, na Kiswahili ambacho wafanya biashara wa Ujiji walikieneza mwambaoni katika karne ya 19. Mtu huweza kulianza neno lake kwa lugha hii na kulimaliza kwa ile, wala jirani asione ajabu.

Na tuwazie mama mmoja wa Gitaza, katika komini hiyo hiyo. Mumewe ni askari, naye yuko kambini mbali. Mtoto wao wa pili ana umri wa mwaka mmoja na nusu, na aliachishwa ziwa mapema kwa kuwa mama alishika mimba nyingine. Kwa wiki nyingi mtoto huyo alikuwa amekonda, mbavu zikihesabika. Kisha, katika muda wa siku chache, mashavu yake yakajaa, na miguu yake ikawa ya mviringo na yenye kung'aa. Nyanya yake akafurahi akasema, "Mjukuu wangu amerudisha mwili." Jioni ile mama akampigia mumewe simu: "Baba Fulani, mtoto amenenepa." Baba akamshukuru Mungu, akalala usingizi mzuri.

Lakini mtoto hakuwa amenenepa. Alikuwa amevimba. Kati ya maneno hayo mawili kuna tofauti kubwa kama ile iliyopo kati ya uzima na mauti.

ASILI YA NENO

Neno kuvimba ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Warundi husema kuvyimba, Wanyarwanda kubyimba, Waganda kuzimba, na wasemao Kilingala kovimba. Hivyo askari wa Muhuta akikutana na mchuuzi wa Uvira au dereva wa Kampala, neno hili halitawapotea: wote hulitambua kama ndugu aliyekulia nyumba nyingine.

Hata hivyo, mwambaoni pana mtego mdogo ulio mwepesi kumnasa asiyeangalia. Katika Kirundi kuvimba ni kuvyimba, na kunenepa ni kuvyibuha. Maneno yote mawili huanza kwa sauti ile ile, na yote mawili hueleza mwili uliozidi ukubwa. Katika Kiswahili sauti hazifanani, kwani tunayo maneno kunenepa, kunona na kunawiri kwa mwili wenye afya, na kuvimba na kufura kwa mwili wenye dhara. Lakini mzungumzaji anaporuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na hasa anapotamani kupata habari njema, ni rahisi neno la furaha likashika nafasi ya neno la hatari.

Kutokana na shina hilo hilo tumepata ukoo mzima wa maneno. Aliyekula kupita kiasi amevimbiwa. Mwenye majivuno amevimba kichwa. Unene wa kitu cha mviringo, mathalani shina la mchikichi, ukiuzungushia kamba ili kuupima, huitwa kivimba. Neno kufura nalo lina maana pana: mguu ulioteguka hufura, mtu hufura kwa hasira, na kutokana nalo tumepata kufurika, yaani maji kuzidi na kuvuka kingo zake. Watu wa mwambao hawahitaji kufafanuliwa neno hilo, kwani mwaka 2024 ziwa lilipanda hata maji yakaingia katika nyumba na bandari, huko Gatumba, Bujumbura na Rumonge. Unga wa mkate ukipanda haufuri wala hauvimbi, bali huumuka. Kila neno lina mahali pake.

UVIMBE WA MAJI NA UVIMBE WA DONGE

Jina uvimbe hubeba mizigo miwili, na ni vema izitenganishwe. Mzigo wa kwanza ni hali ya sehemu ya mwili kujaa kwa sababu ya maji au damu kukusanyika chini ya ngozi, kama mguu ulioteguka au uso wa mgonjwa wa figo. Mzigo wa pili ni donge au kinundu kilichoota mahali fulani, juu ya ngozi au ndani ya mwili. Ndiyo maana waganga husema "uvimbe katika kizazi" au "uvimbe wa titi". Kwa maana hii ya pili Kiswahili kina neno kivimbe pia, ingawa wengi hawalitumii.

Wengi wakisikia mganga ametamka neno uvimbe, mara moja hufikiri saratani, na hofu huwafanya wakimbilie nyumbani badala ya kubaki hospitali. Kumbe vinundu vingi havina saratani. Vile viotavyo katika kizazi cha wanawake, kwa mfano, aghalabu si saratani, ingawa huweza kuleta maumivu na kutokwa damu nyingi. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza mganga bila haya: "Uvimbe huu ni wa maji, ni wa usaha, au ni donge? Nao unahitaji kupimwa zaidi?"

Wazee wetu hawakuridhika na neno moja. Uvimbe wenye usaha na kichwa waliuita jipu. Uvimbe wa tezi za kinena, utokeao mguu ukiwa na kidonda, waliuita mtoki. Uvimbe wa mashavu upatao watoto waliuita matubwitubwi, na wengine perema. Wa shingo ni rovu, wa korodani ni busha, na wa miguu unaoifanya iwe minene na migumu ni matende. Hazina hii yafaa itumike, kwani atajaye ugonjwa kwa jina lake amekwisha mpunguzia mganga nusu ya kazi.

KIDOLE GUMBA CHASEMA KWELI

Turudi kwa mtoto wa Gitaza. Ugonjwa wake Warundi na watu wa Kivu huuita bwaki. Katika vitabu huitwa kwashiakoo, neno la Kiga cha Ghana lililoingizwa katika utabibu na daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyeandika habari za maradhi hayo mwaka 1933 na kulitangaza jina lenyewe mwaka 1935. Akina mama wa huko walimweleza kwamba ni ugonjwa umpatao mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Jina lenyewe, basi, lilikwisha eleza jinsi mambo yanavyokwenda: mtoto huondolewa titini, hupewa chakula cha wanga mtupu, kisha huanza kuugua.

Zamani ilidhaniwa kwamba sababu ni ukosefu wa protini peke yake. Siku hizi wataalamu wametambua kwamba mambo ni mengi zaidi: chakula cha aina moja, upungufu wa vitamini na madini, kuhara na maambukizo ya mara kwa mara, yote hushirikiana. Matokeo yake ni maji kuvuja kutoka katika mishipa na kutuama chini ya ngozi. Maji hayo huficha mbavu na kujaza mashavu, na hata mizani hudanganyika, kwa maana mtoto huonekana ameongezeka uzito hali mwili wake unakwisha.

Kuna kipimo kisichohitaji mizani wala fedha. Mzazi aweke vidole gumba vyake juu ya nyayo zote mbili za mtoto, abonyeze polepole na kuhesabu kwa utulivu hata sekunde 3, kisha aondoe. Katika mguu wa mtoto aliyenenepa, ngozi hurudi mara moja. Katika mguu wa mtoto aliyevimba kwa maji, kishimo hubaki. Kishimo hicho kikionekana katika miguu yote miwili, mtoto huyo ahesabiwe kuwa yumo katika utapiamlo mkali, hata kama ana mashavu makubwa, naye apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili nyingine huweza kuambatana nayo: nywele kuwa nyepesi na zenye wekundu, ngozi kubambuka, na mtoto kuwa mnyonge asiyetaka kucheza wala kula.

Katika kituo cha afya, mwuguzi hupima pia mkono wa juu kwa utepe wenye rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hata 59, kipimo kilicho chini ya milimita 115 huangukia sehemu nyekundu. Lakini kishimo cha miguuni chatosha peke yake, hata kama utepe haukuonyesha wekundu.

Mzazi asijaribu kumtibu nyumbani kwa kumshindilia chakula kingi kwa pupa, wala kwa kumpa dawa za kukojoza maji. Mwili wa mtoto huyo ni dhaifu, na moyo wake hauwezi kuhimili mzigo wa ghafla. Mwenye homa au asiyeweza kula hulazwa hospitali na kupewa maziwa maalumu kidogo kidogo. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine huweza, kwa maelekezo ya mganga, kutibiwa nyumbani kwa uji mzito wa karanga, maziwa, mafuta, sukari na vitamini ulio tayari kuliwa, uliobuniwa Ufaransa mwaka 1996. Tena, tangu Mei 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Haya ya umaskini, basi, isimzuie mzazi.

Kuhusu kinga, mwambao hauna upungufu wa vitu vyema. Bugali wa mihogo hujaza tumbo, lakini haujengi mwili. Ukiongezewa maharagwe, mboga za majani, mafuta mekundu ya mawese, na kiganja cha ndagala waliosagwa, umekuwa chakula kamili cha mtoto. Ni huzuni kwamba katika nyumba nyingine za wavuvi, ndagala wote huanikwa kwa ajili ya soko, na mtoto wa mvuvi hubaki na bugali na chumvi.

SHINGO, TUMBO NA MIGUU

Rovu ni uvimbe wa tezi ya shingo, utokanao hasa na ukosefu wa madini ya joto, yaani iodini. Maradhi haya yalienea zamani katika nchi za milima zilizo mbali na bahari. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, wataalamu wa Ubelgiji wakiwamo Delange na Ermans walionyesha kuwa mihogo isiyoandaliwa vema huzidisha hatari pale penye upungufu wa madini hayo. Ndiyo sababu chumvi hutiwa iodini kiwandani. Mama anaponunua chumvi sokoni, yafaa achague ile yenye alama ya madini joto, na aihifadhi katika chombo chenye kifuniko, pasipo jua wala unyevu. Kuloweka na kukausha mihogo vema, kama bibi zetu walivyofanya, nako ni kinga.

Tumbo nalo huvimba kwa sababu nyingi. Malaria ya mara kwa mara hukuza bandama. Kando ya Ziwa Tanganyika kuna sababu nyingine, nayo ni kichocho cha tumbo. Msomaji aliyezoea kusikia kwamba kichocho ni kukojoa damu aangalie hapa, kwani kile cha Burundi hukaa katika mishipa ya utumbo. Mgonjwa huumwa tumbo na kuharisha, pengine choo kikiwa na damu, na baada ya miaka mingi ini na bandama huvimba, hata tumbo likajaa maji. Konokono wadogo wa majini ndio wabebao vijidudu hivyo, nao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kama vile midomo ya mito, mabwawa na ghuba ndogo, kuliko ufuko wenye mawimbi. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa shuleni na vijijini. Mzazi asimfiche mtoto siku ya ugawaji kwa kuogopa kichefuchefu cha saa chache. Na choo kijengwe mbali na maji, kwa kuwa kinyesi cha mgonjwa kikifika ziwani, mviringo wa ugonjwa huanza upya.

Kuhusu matende, jina moja limeficha maradhi mawili. Katika pwani ya Bahari ya Hindi, matende na busha huletwa na minyoo ipitishwayo na mbu, na Zanzibar ilianza mwaka 2001 kuwagawia watu wote dawa mara moja kwa mwaka. Lakini katika milima ya Rwanda na Burundi upo uvimbe wa miguu usiotokana na mbu. Daktari E. W. Price aliuandika mwaka 1976, na sababu yake ni chembechembe za udongo wa milimani zinazopenya katika nyayo za mtu alimaye peku kwa miaka mingi. Dawa za minyoo hazifai kitu hapo. Kinga yake ni kuosha miguu kwa sabuni kila siku na kuvaa viatu. Buti ambalo askari hulilalamikia kwa uzito wake lamkinga na maradhi ambayo huenda baba yake aliyapata shambani.

MIGUU YA ASKARI NA MIGUU YA MJAMZITO

Askari au polisi aliyesimama lindoni usiku kucha huona miguu yake yote miwili imefura kidogo asubuhi. Akilala na kuiinua juu ya mto, uvimbe hupungua, na hapana la kutisha. Lakini mguu mmoja tu ukivimba, ukawa wa moto na kuuma hasa katika shavu la mguu, baada ya safari ndefu ya gari au baada ya kulala kitandani kwa jeraha, huenda damu imeganda katika mshipa. Mtu huyo asikandwe wala asichuliwe, kwa kuwa bonge hilo laweza kwenda mapafuni. Aende hospitali upesi. Na aliyeumwa na nyoka, mguu ukaanza kuvimba, asifungwe kamba, asichanjwe kwa wembe, wala asinyonywe sumu kwa mdomo. Atulizwe, mguu usitikisike, na abebwe mpaka kwa mganga.

Kwa mama mjamzito, kuvimba nyayo wakati wa jioni katika miezi ya mwisho ni jambo la kawaida. Lakini uso na mikono vikivimba ghafla, na kichwa kikauma sana, macho yakaona ukungu, au pakawa na maumivu chini ya mbavu, hiyo ni hodi ya kifafa cha mimba. Hapo hapana kungoja asubuhi. Hospitali inayo sindano ya magnesi, ambayo utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, ukiwahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini sindano haimsaidii mama aliyebaki nyumbani huku majirani wakimsifu kwamba mimba imempendeza na uso umejaa.

NAMNA YA KUSEMA

Mwenye kwenda kwa mganga, au mwenye kumpigia simu mumewe aliye mbali, na ajiandae kuyajibu maswali matano. Uvimbe uko wapi? Ulianza lini, nao ulikuja ghafla au polepole? Uko upande mmoja au pande zote mbili? Ukibonyezwa huacha kishimo, au ni mgumu kama jiwe? Una maumivu, joto au homa? Taya la mtoto likivimba, kwa mfano, si kila mara ni jino. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alianza mwaka 1957 kuuliza kwa nini watoto kadhaa walikuwa na uvimbe wa taya usiofanana na mwingine. Maswali yake yaliufanya ujulikane aina ya saratani ambayo sasa hutibika kwa dawa, ikiwa mtoto ataletwa mapema.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Lakini maradhi huweza kufichwa na neno lisilo lake kama yanavyofichwa na nguo, hata pasipo mtu kukusudia. Mama wa Gitaza hakuficha kitu. Alimpenda mwanawe, alitamani kumwona amenenepa, na neno zuri likamtoka mdomoni. Nyanya naye alisema kwa upendo. Baba, kule kambini, hakuwa na macho ya kuona wala kidole cha kubonyeza. Alikuwa na masikio tu.

Hata hivyo, baba huyo aliyekuwa na masikio tu angeweza kumsaidia mwanawe kwa swali moja. Simu ikilia jioni, na sauti ya mkewe ikasema kwamba mtoto aliyekuwa amekonda wiki iliyopita leo mashavu yamejaa, asikimbilie kushukuru. Aseme kwa upole: "Mama Fulani, hebu weka kidole juu ya miguu yake, uhesabu, kisha uniambie. Amenenepa, au amevimba?" Na ikiwa kishimo kimebaki, wasingoje mshahara wala ruhusa ya likizo. Mama amfunge mtoto mgongoni na kushika njia ya kituo cha afya usiku ule ule.